Mimea ya kumkinga kamba na madoa meupe: mlishe angali mzima

Kamba wakianza kususia chakula na kuogelea kivivu kandokando ya bwawa, mchukue mmoja, mbandue gamba la kichwani, ulisafishe, kisha ulitazame kwenye mwanga. Vidoa vyeupe vya nusu milimita hadi milimita 2, vilivyojikita ndani ya gamba lenyewe, ni dalili ya virusi vya madoa meupe. Tangu vilipojitokeza Asia Mashariki mwaka 1992, vimekuwa vikifuta mabwawa mazima ndani ya siku 3 hadi 10. Wapo kamba wanaokufa bila doa hata moja, kwa hiyo kipimo cha PCR, yaani cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, ndicho cha kuaminiwa.

Wakati huo dawa ya majani imechelewa. Nalisema hili kwa uchungu, maana ndipo wafugaji wengi wanapokimbilia majani.

Mwili wa kamba hautengenezi kingamwili kama wa binadamu au ng'ombe. Anategemea chembe za damu zinazokabili chochote kigeni kinachoingia, na hizo ndizo mimea huzichangamsha. Nchini India, kamba waliolishwa chakula chenye dondoo (kiini kilichokamuliwa) la nyasi za ukoka, kisha wakaambukizwa virusi, walinusurika kwa wingi kuliko wasiolishwa. Fukoidani, inayotoka kwenye mwani wa kahawia, nayo imeonyesha matokeo mazuri. Ila mmea mmoja kwa wakati mmoja, na uanze na tangi dogo kabla ya bwawa zima.

Dondoo linyunyizie kwenye punje za chakula, lishikishe kwa ute wa yai au mafuta ya samaki, anika kivulini. Kagua sinia la kulishia: chakula kikibaki, punguza dondoo, maana harufu kali huwakimbiza. Majani mabichi usiyatupe bwawani. Yakioza hula oksijeni, na alfajiri utakuta kamba wanatweta juu ya maji.

Na mwarobaini, tafadhali, uogope. Kiini chake huvuruga wadudu wanapojivua gamba, na kamba naye hukua kwa kujivua gamba. Kinachoua viwavi shambani kinaweza kummaliza.

Hakuna dondoo litakalofidia vifaranga wenye virusi. Wapime kabla ya kuwapandikiza, na uwazuie kaa kwa uzio, kwani nao hubeba virusi hivyo. Ugonjwa ukishaingia, usifungulie maji ya bwawa kwenda nje kabla ya kuyatibu kwa klorini. Jirani anayavuta kwenye mfereji huohuo.