Unavaa shimesikio? Jiandae kabla ya kupiga simu

Msimu wa korosho ukianza Mtwara, simu hazilali. Karani wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, anataka hesabu ya magunia, mtoto aliye Dar anauliza kama malipo yameingia. Anayevaa shimesikio, yaani kifaa cha kusikilizia, ajiandae kabla hajabonyeza kitufe cha kijani.

Betri kwanza. Zile ndogo za duara zenye kibandiko hutumia hewa: kibandue, iache wazi dakika moja au zaidi, ndipo uipachike. Ukishabandua inaanza kuisha, hata ukirudishia kibandiko. Ya akiba usiichanganye na sarafu mfukoni. Na kwa jasho la pwani yetu, futa kifaa kwa kitambaa kikavu na uangalie kama mrija wake wa mpira umeingia matone ya maji. Tone moja tu linaziba sauti.

Halafu namna ya kushika simu, na hapa ndipo wengi wanapopata tabu. Kama kifaa chako kinakaa nyuma ya sikio, maikrofoni yake iko huko juu, haiko kwenye tundu. Ukiikandamiza simu tunduni utaambulia mluzi. Ipandishe, spika yake ielekee maikrofoni, iache nafasi kidogo, kisha isogeze taratibu mpaka sauti ifunguke. Jaribu na mtu wa nyumbani aliye chumba cha pili. Muulize pia fundi wako kama kifaa kina sehemu ya T. Hiyo hunasa sumaku ya simu badala ya sauti ya hewani, kwa hiyo kelele za bodaboda hupungua. Ila si kila simu inakubali. Mvua ikipiga bati, ahirisha tu.

Andaa kalamu na karatasi kwa ajili ya namba. Simu ya kawaida hukata sauti nyembamba kama ya “s”, hivyo “sita” na “tisa” hufanana sana, na kilo mia sita si kilo mia tisa. Uliza, “Ile inayofuata tano, au inayofuata nane?” Afadhali zaidi, omba aitume kwa meseji.

Mwambie mapema unayeongea naye kwamba husikii vizuri, aongee polepole bila kupiga kelele. Usiitikie “ndiyo” kwa jambo ambalo hukulisikia, hasa la pesa. Anayekuharakisha utume hela na hataki kuandika, mkatie. Mjukuu akikusaidia kusikiliza, sawa, lakini namba ya siri ibonyeze mwenyewe.