Jinsi ya kutunga historia mbadala ya vita vya dini Ulaya ikaeleweka

Wengi wakitaka kutunga hizi stori za "ingekuwaje kama" wanakimbilia uwanja wa vita, mara Armada ya 1588, zile meli za Hispania zilizotumwa kuivamia Uingereza, ishinde, mara Gustav Adolf, mfalme wa Sweden, asife vitani pale Lützen, Ujerumani, 1632. Sio vibaya, ila kwa karne ya 16 mi nakushauri anzia kwenye ndoa na uzazi, maana nchi zilikuwa zinarithiwa kama mashamba, mtoto mmoja tu akizaliwa mipaka yote inabadilika.

Kwanza chagua tukio moja, na liwe lile ambalo watu wa wakati ule wenyewe walilitegemea. Chukua mimba ya Mary Tudor. Malkia wa Uingereza, Mkatoliki, kaolewa na Philip wa Hispania Julai 1554 akiwa na miaka 38, baadaye ikaaminika ana mimba, akajifungia kwenye jumba la kifalme la Hampton Court kusubiri uchungu, na tarehe 30 Aprili 1555 uvumi ukaenea London kwamba kajifungua mtoto wa kiume, kengele za makanisa zikapigwa na watu wakawasha moto mitaani kushangilia. Mtoto hakuwepo. Mpaka Agosti ikawa wazi hakuna mimba. Haya, wewe sema mtoto kazaliwa kweli na mzima, basi, usiguse kingine.

Halafu soma mkataba wa ndoa, hapa ndio utamu wote ulipo na ndipo watu wanaporuka! Mkataba ulisema mtoto wa Mary na Philip atarithi Uingereza pamoja na zile Nchi za Chini, yaani Uholanzi na Ubelgiji za leo, na Hispania inabaki kwa Don Carlos, mtoto wa Philip wa ndoa ya kwanza. Kwa hiyo hujapata Uingereza iliyomezwa na Hispania kama wengi wanavyoandika, umepata dola jipya la pande mbili za bahari, London na Antwerp chini ya mfalme mmoja.

Sasa fuata tarehe, na usimponye mtu bure. Mary alikufa Novemba 1558, kuzaa hakumwongezei miaka, kwa hiyo mfalme ni mtoto wa miaka mitatu na Elizabeth, mdogo wake Mary wa baba mmoja, yupo pembeni ana miaka 25, Waprotestanti wote wanamwangalia yeye. Nani anashika madaraka mpaka mtoto akue? Kaa hapo sana, kuna vita ndani yake. Philip kawa mjane kama kawaida, anaweza kumuoa Elisabeth wa Ufaransa 1559, na kwenye sherehe hizo za Paris ndipo mfalme Henri II alipochomwa jichoni na kibanzi cha mkuki akafa, akaacha kiti kwa kijana wa miaka 15. Yaani Ufaransa na Uingereza zote mbili zimeshikwa na watoto kwa wakati mmoja, na vita vya Wahuguenot, yaani Waprotestanti wa Ufaransa, vikianza 1562 hakuna malkia Elizabeth wa kuwatumia askari kwenye bandari ya Le Havre.

Andika pia visivyobadilika. Philip alishindwa kulipa madeni 1557, hiyo ibaki. Wakalvini wa Antwerp, yaani Waprotestanti wafuasi wa Calvin, hawapotei kwa sababu mtoto kazaliwa, na Geneva, mji wa Calvin, bado inatuma wachungaji.

Ila ukisogea mbali na 1555 punguza kunakili. Mkataba unasema ukoo wa Carlos ukiisha, yule mdogo anachukua na Hispania, na Carlos alikufa 1568, kwa hiyo utatamani kumuua mwaka uleule ili dola likamilike. Usiharakishe. Carlos aligombana na baba yake kwa sababu mojawapo kwamba alitaka yeye ndio apelekwe Nchi za Chini, akakasirika alipotumwa Alba, jemadari wa Philip, 1567, na kwenye stori yako hizo nchi tayari ni za mdogo wake. Ugomvi huo uandike upya kwanza, ndipo uamue kama Carlos anaishia kifungoni au anatawala.