Kabla ya Masika: Mambo ya Kuzingatia kwa Wenye Mabwawa ya Udongo

Masika yakikaribia, wenye mabwawa wengi huangalia maji yamefika wapi na tope limejaa kiasi gani. Upande wa nyuma wa tuta, ule mkavu unaotazama mashamba na nyumba za bondeni, haupitiwi na mtu ila mchunga mbuzi. Nakusihi uanzie huko.

Fyeka nyasi ndefu kwanza, ndipo utaona kitu. Kisha tembea polepole kwenye mguu wa tuta, mahali mteremko unapokutana na ardhi ya kawaida. Tuta la udongo halikosi kuvuja kidogo, kwa hiyo unyevu peke yake usikutie kiwewe. Maji yanayotoka yachote kwa chupa inayoonyesha ndani, uyaache yatulie. Yakiwa maangavu na hayaongezeki wiki hadi wiki, endelea kuyafuatilia. Yakiwa na tope, au chini ya chupa ikibaki michanga, ujue maji yanabeba udongo wa ndani ya tuta na yanachimba njia. Hiyo si kazi ya kungoja Jumatatu. Pia usiizibe kwa simenti wala udongo wa mfinyanzi: maji yatatafuta pengine pa kutokea, na shinikizo litapanda ndani. Linalofaa kwa muda ni kuweka mchanga safi juu ya pale panapotoka, kisha kokoto juu ya mchanga, ili maji yapite na udongo ubaki. Wakati huo huo punguza maji bwawani, na mhandisi aitwe.

Nyufa nazo zisomwe. Ufa unaokatiza tuta kutoka upande wa maji kwenda nyuma ni wa hatari kubwa, maana bwawa likijaa maji yatapita humo. Ufa unaofuata urefu wa tuta, hasa ukiona upande mmoja umeshuka kuliko mwingine, mara nyingi ni dalili kwamba mteremko umeanza kuserereka. Piga vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, pima umbali kati yake na uandike tarehe. Wiki ijayo kipimo kitakueleza kama udongo umetulia au unatembea.

Mteremko wenyewe ukiwa mkali mno, ukaguzi hautauokoa. Kwa mabwawa madogo, kipimo kinachotumika sana ni kwamba kwa kila mita 1 ya kimo, upande wa maji uende nje mita 3, na upande wa nyuma mita 2 hadi 2.5. Tuta la mita 4 lenye kilele cha mita 3 linahitaji basi kitako cha mita 23 au zaidi. Wengi hubana hapo ili kuokoa saa za tingatinga. Kiangazi tuta lililobanwa husimama vizuri tu, ndiyo maana linadanganya. Maji yakishajaa ndani ya udongo, chembe hazishikani tena kama zilivyoshikana zikiwa kavu, na udongo unakuwa mzito zaidi. Kwa sababu hiyo hiyo usilimwage bwawa lililojaa kwa siku moja: maji yaliyokuwa yakiuegemea mteremko wa ndani yanaondoka, ya ndani ya udongo yanabaki, na upande huo unaweza kuporomoka.

Utoro, yaani njia ya kutolea maji yanayozidi bwawa likijaa, uwe wazi kabisa. Ondoa magogo, vichaka, na hasa yale mawe na viroba ambavyo watu huweka ili bwawa lishike maji zaidi. Viroba hivyo vinakula nafasi iliyoachwa kwa ajili ya mafuriko, na maji yakipita juu ya tuta la udongo yanaweza kulikata kwa saa chache. Kilele kisiwe na sehemu iliyobonyea, penye njia ya ng'ombe kwa mfano.

Miti isiote juu ya tuta. Mizizi ikioza huacha mifereji. Ukoka unatosha. Mashimo ya panya na vichuguu vya mchwa vichimbuliwe, kisha vijazwe udongo ulioshindiliwa kwa tabaka nyembamba.

Mwisho, watu wa bondeni. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, wakati wa mvua kubwa, bwawa la udongo lilipasuka Solai, kaunti ya Nakuru, na zaidi ya watu 40 wakafa. Maji yaliwakuta majumbani. Kwa hiyo andika namba za simu za kila kaya iliyo chini ya bwawa lako, na mkubaliane ishara itakayosikika usiku mtandao ukikatika: filimbi, debe, kengele ya shule. Wajulishe ofisi ya bodi ya maji ya bonde ukiwa Tanzania, au mamlaka ya rasilimali za maji ukiwa Kenya, wakague kabla mvua haijaanza. Na watoto waonyeshwe kwa miguu, mchana, wapi pa kukimbilia: kwenye mwinuko wa pembeni ulio karibu, si kufuata mto kwenda chini.