Kusaka sayanobakteria wenye plastiki kwenye ufuko wa Bukavu

Mvua ikinyesha Bukavu, chupa na mifuko hushuka hadi Ziwa Kivu, kisha hufuata Ruzizi na kuziba bwawa la umeme. Ndiyo maana kazi hii iko moyoni mwangu. Baadhi ya sayanobakteria, yaani bakteria wa majini wanaojitengenezea chakula kwa mwanga kama mimea, hujiwekea akiba ya PHB (polihidroksibutirati), plastiki ambayo vijidudu vya udongoni huila. Mfaransa Maurice Lemoigne aliieleza mwaka 1926, akiwa ameikuta kwa bakteria wa aina nyingine.

1. Chota. Kwangua utando wa kijani unaoteleza juu ya mawe ya ufukoni. Vaa glavu: Microcystis, mmoja wa sayanobakteria, huweza kutoa sumu inayodhuru ini.

2. Tenga. Otesha kwenye mchuzi wa BG-11, maji yenye chumvi za kulishia sayanobakteria, chini ya taa nyeupe hafifu. Rangi ikikolea, chora mistari ya mchuzi huo kwenye agari (jeli ya kuoteshea vijidudu), urudie hadi darubini ioneshe umbo moja tu. Usiharakishe hapa, ndugu yangu. Bakteria wa kawaida nao hutengeneza PHB, na wakibaki humo utampa sifa asiyestahili.

3. Tia njaa. Hapa ndipo kazi yote ilipo. Seli iliyoshiba hukua na kugawanyika. Akiba ya nini? Osha seli vizuri, kisha gawa kila aina kwenye chupa mbili: moja yenye BG-11 kamili (gramu 1.5 za nitrati ya sodiamu kwa lita), nyingine isiyo na nitrati kabisa. Subiri wiki moja au mbili. Chupa yenye njaa itageuka manjano. Mara ya kwanza nilidhani zangu zimekufa, nikazimwaga zote nne. Hadi leo inaniuma. Ziache! Lakini sayanobakteria kama Nostoc na Anabaena hujichukulia naitrojeni hewani, kwa hiyo hao wanyime fosfati.

4. Pima. Kausha tone kwenye kioo, paka rangi nyeusi ya Sudan B, suuza, kisha paka safranini, rangi nyekundu. Tafuta chembe nyeusi ndani ya seli nyekundu. Rangi hiyo hushika mafuta pia, basi thibitisha: toa PHB kwa klorofomu, ikaushe, ichemshe kwenye asidi kali ya salfuriki kwa nyuzi 100, dakika 10. Itageuka asidi ya krotoniki, inayosomeka kwa kipima mwanga (spektrofotomita) kwenye nanomita 235. Fanya hivyo labo tu, chini ya kofia ya kuvuta hewa, na mtu mzoefu kando yako.

Soma chupa zote mbili. Yenye njaa ikiizidi sana iliyoshiba, hifadhi aina hiyo kwenye agari, andika tarehe na jiwe ulipoikwangua, kisha rudia jaribio mara tatu.