Skuta za Umeme Njiani London: Namna ya Kulalamika Hadi Usikilizwe

Asubuhi moja ya mwezi Novemba nilikuwa nikimsindikiza mama mkwe wangu, aliyetutembelea kutoka Tanga, kwenda kituo cha basi kilicho hatua mia mbili hivi kutoka nyumbani kwetu, mashariki mwa London. Mbele ya kivuko, juu ya vile vigae vyenye vinundu ambavyo asiyeona huvitambua kwa wayo, ilikuwa imelala skuta ya umeme ya kukodi, kile chombo chembamba cha magurudumu mawili kinachoendeshwa kwa kusimama. Usukani wake uliziba nusu ya njia, na pipa la taka liliziba nusu iliyobaki. Mama aliitazama ile skuta, akautazama mkongojo wake, kisha akanigeukia. "Mwanangu," akaniuliza, "mji huu hauna wenyewe?" Tulishuka barabarani, dereva wa basi akatusubiri kwa uungwana hadi tukapita, na jioni ile nikaiandikia halmashauri yetu barua pepe ndefu na kali. Sikujibiwa. Nikaandika ya pili, nayo ikapotelea hukohuko. Ilinichukua muda kutambua kwamba barua zangu zilikuwa na hasira nyingi na habari chache, na kwamba zilikuwa zikienda kwa mtu asiyehusika.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mkazi wa London, hasa sisi tunaoishi huku na ambao tumezoea ama kunyamaza ama kumaliza hasira zetu kwenye kundi la WhatsApp. Sheria nitakazozitaja ni za Uingereza.

Kwanza ujue skuta ni ya nani

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu njia ya malalamiko inagawanyika papo hapo. Skuta za umeme zinazopita mitaani ni za aina mbili, na ingawa zinafanana kwa mbali, kisheria hazina undugu.

Aina ya kwanza ni skuta za kukodi. Hizi ziliruhusiwa kwa majaribio yaliyoanza nchini mwezi Julai 2020, na London ikaanza tarehe 7 Juni 2021. Majaribio hayo yameongezwa muda mara kadhaa, lakini si kila halmashauri ya London imejiunga nayo. Anayekodi katika jiji hili lazima awe na miaka 18 au zaidi na awe na leseni ya udereva, hata kama ni ile ya mwanafunzi. Mwendo wake umefungwa usizidi maili 12.5 kwa saa, yaani kilomita 20, na taa zake huwaka muda wote. Kila skuta ina namba yake ya pekee iliyobandikwa mahali panapoonekana. Inaruhusiwa kupita barabarani na kwenye njia za baiskeli, lakini hairuhusiwi kamwe kuendeshwa kwenye njia ya waenda kwa miguu, na safari inapokwisha ni lazima iegeshwe mahali palipotengwa.

Aina ya pili ni skuta za watu binafsi, zile zinazonunuliwa dukani au mtandaoni. Hapa ndipo penye kichekesho kinachowaudhi watu: kuiuza ni halali, kuinunua ni halali, lakini kuiendesha barabarani, kwenye njia ya baiskeli au kwenye bustani ya umma ni kosa. Chini ya Sheria ya Usafiri wa Barabarani ya mwaka 1988, skuta hiyo ni chombo cha moto kama gari. Inahitaji bima, usajili na mengine ambayo mwenye nayo hawezi kuyapata. Mahali pekee inaporuhusiwa ni kwenye ardhi ya mtu binafsi, tena kwa idhini ya mwenye ardhi. Anayekamatwa akiiendesha bila bima anaweza kutozwa faini ya pauni 300 na kuandikiwa pointi 6 za adhabu kwenye leseni, na polisi wana mamlaka ya kuichukua skuta yenyewe. Kuendesha kwenye njia ya miguu ni kosa jingine, lililokatazwa na Sheria ya Barabara ya mwaka 1835. Naam, 1835: iliandikwa enzi za farasi na mikokoteni, na bado inafanya kazi.

Kwa hiyo ukiona namba na rangi za kampuni, mlalamikiwa wako wa kwanza ni kampuni, na wa pili ni halmashauri. Ukiona skuta isiyo na namba, basi mambo hayo ni ya polisi, na kuiandikia halmashauri kuhusu mwendeshaji ni kupoteza wino.

Kuna chombo cha tatu ambacho jina lake linachanganya watu. Kigari cha umeme cha kukalia, kinachotumiwa na wazee na watu wenye ulemavu, nacho kwa Kiingereza huitwa skuta, lakini hicho kina haki ya kupita kwenye njia ya waenda kwa miguu kwa mwendo usiozidi maili 4 kwa saa. Nimewahi kumsikia jirani akimfokea mzee wa watu aliyekuwa kwenye kigari cha namna hiyo, na niliona aibu kwa niaba yake.

Skuta ya kukodi iliyoziba njia

Kabla ya kuigusa, piga picha mbili. Moja ichukuliwe kwa karibu ionyeshe namba. Nyingine ichukuliwe ukiwa umerudi nyuma hatua tano au sita, ionyeshe skuta pamoja na kitu kisichohama, kama vile kibao cha jina la mtaa, duka au nguzo ya kituo cha basi. Picha ya pili ndiyo inayosahaulika, na ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu inaonyesha upana wa nafasi iliyobaki. Ukiweza kupiga picha wakati kigari cha mtoto kinajaribu kupita, ni bora zaidi, ila usiingize nyuso za watu bila sababu.

Ukishapiga picha, unaweza kuisogeza skuta kando ikiwa una nguvu. Ni nzito kuliko inavyoonekana na huenda ikapiga kelele ukiigusa, usishtuke. Kuisukuma ukutani kwa adabu hakuna ubaya, lakini kuitupa mtaroni au kuivunja ni kosa la jinai, na wewe uliyekuwa mlalamikaji utageuka mlalamikiwa.

Kisha toa taarifa kwa kampuni. Programu za simu za makampuni haya zina sehemu ya kuripoti skuta iliyoegeshwa vibaya, na pia huwa na anwani ya barua pepe au simu kwa asiye mteja. Andika kwa ufupi. Huu ndio mfano wa ujumbe ninaoutumia, ambao unapaswa kuutuma kwa Kiingereza kile chepesi ulicho nacho, bila kuhangaika na madoido:

"Tarehe 14 Novemba, saa 2:10 asubuhi, skuta namba fulani ilikuwa imelala juu ya vigae vya wasioona, upande wa kituo cha basi, mbele ya duka la dawa, mtaa fulani. Njia yote ilizibwa. Mzee mwenye mkongojo alilazimika kupita barabarani. Picha mbili zimeambatishwa. Naomba iondolewe leo na nipewe namba ya kumbukumbu."

Tahadhari moja ndogo kwa sisi Waswahili: badilisha saa. Saa mbili na dakika kumi asubuhi ya kwetu huandikwa 8:10 huku. Barua yangu ya kwanza ilisema jambo lile lilitokea saa mbili usiku wa manane, na naamini aliyeisoma alijiuliza nilikuwa natafuta nini njiani wakati huo na mama mkwe.

Nakala ya ujumbe huo itume kwa halmashauri, kitengo cha barabara. Hapa kuna neno la kukusaidia: kifungu cha 130 cha Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 kinaitaka mamlaka ya barabara, ambayo kwa mitaa mingi ni halmashauri yenyewe, ilinde haki ya umma kutumia barabara, na njia ya waenda kwa miguu ni sehemu ya barabara hiyo. Ikiwa aliyezuiwa ni mtu asiyeona, mtu wa kiti cha magurudumu au mzee asiyeweza kushuka ukingo, taja pia Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Usiitaje kwa vitisho. Itaje mara moja, katika sentensi moja, kisha uendelee na habari yako. Afisa anayesoma malalamiko arobaini kwa siku hutofautisha mtu anayepiga kelele na mtu anayejua anachoomba.

Mahali pamoja pakirudiarudia, acha kuripoti skuta, ripoti mahali. Weka daftari au faili kwenye simu: tarehe, saa, namba ya skuta, namba ya kumbukumbu. Ukifikisha matukio sita au saba, yapeleke yote kwa pamoja kwa diwani wa kata yako, ambaye jina na anwani yake vipo kwenye tovuti ya halmashauri, na umwombe jambo mahususi. Ombi linaweza kuwa eneo la kuegesha lihamishwe kutoka juu ya njia ya miguu kwenda pembeni mwa barabara ya magari, au kona fulani ifungwe kwenye ramani ya kampuni ili safari isiweze kumalizikia hapo. Mambo haya yanawezekana kiufundi, kwa sababu skuta hizi hufuatiliwa kwa setilaiti na kampuni inaweza kuzizuia zisiegeshwe au zisiendeshwe katika maeneo iliyoyachora.

Wapo wanaotaka ziondolewe kabisa. Paris ilifika huko: tarehe 2 Aprili 2023 wapiga kura walikataa skuta za kukodi kwa karibu asilimia 90, na kufikia mwisho wa Agosti mwaka huo zikatoweka mitaani, ingawa waliojitokeza kupiga kura hawakufika hata asilimia 8 ya walioandikishwa. London haina kura ya namna hiyo, lakini kwa kuwa kila halmashauri hujiunga na majaribio kwa hiari, swali la kubaki au kutoka liko mezani kwa madiwani. Mimi binafsi sitaki ziondoke. Vijana wengi wanaofanya kazi za usiku huzitumia, na sehemu nzuri za kuegesha zingemaliza robo tatu ya ugomvi huu.

Halmashauri ikikupiga chenga, tumia utaratibu wake rasmi wa malalamiko hadi mwisho, ambao mara nyingi una hatua mbili. Ukimaliza na bado hujaridhika, unaweza kwenda kwa Ombudsman wa serikali za mitaa, yaani mchunguzi huru wa malalamiko, bila malipo, kwa kawaida ndani ya miezi 12 tangu ulipolijua tatizo.

Skuta ya binafsi inayokimbia njiani

Kama kuna hatari ya papo hapo au mtu ameumia, piga 999. Kama jambo limepita, piga 101 au ripoti kwenye tovuti ya polisi. Usitarajie askari aje kwa skuta moja iliyopita mbio. Kinachowasaidia ni mazoea. "Kila siku ya shule, kati ya saa tisa na saa kumi alasiri, vijana watatu hupita kwenye njia ya miguu kutoka stesheni hadi lango la shule" ni taarifa inayoweza kupangiwa doria. "Wanatusumbua sana" haipangiwi chochote. Anayeogopa kutaja jina lake anaweza kupiga simu Crimestoppers, shirika linalopokea taarifa za uhalifu, 0800 555 111, ambako hutaulizwa wewe ni nani.

Usimzuie mwendeshaji kwa mwili wako, wala usimpige picha mtoto wa watu ukaisambaza. Nimeona picha ya kijana wa miaka kumi na tatu ikizunguka kwenye makundi yetu na matusi chini yake, na mama yake alikuwa kwenye kundi hilohilo.

Ndani ya treni, stesheni na mabasi ya jiji, skuta za binafsi zimepigwa marufuku tangu tarehe 13 Desemba 2021, baada ya moja kuwaka moto ndani ya treni huko Parsons Green mwezi Novemba. Ukiiona, mwambie mfanyakazi wa stesheni. Vivyo hivyo, skuta inayochajiwa kwenye ngazi au korido ya jengo mnaloishi iripotiwe kwa mwenye nyumba kwa maandishi, maana moto wa betri ukiwaka hapo mlango wenu wa kutokea ndio unaozibwa.

Ukigongwa

Hata kama unahisi ni mchubuko tu, nenda ukaonwe na daktari siku hiyohiyo ili kuwe na rekodi. Chukua majina na simu za mashahidi kabla hawajatawanyika. Ripoti polisi na uombe namba ya tukio. Omba mapema picha za kamera za maduka na mabasi yaliyokuwa karibu, kwa sababu hufutwa baada ya muda.

Skuta ya kukodi ina bima ya kampuni, hivyo namba yake ni fedha mfukoni mwako. Skuta ya binafsi haina bima, lakini hilo halimaanishi umekosa fidia. Kwa kuwa ni chombo cha moto kisheria, dai lako linaweza kupelekwa kwa Motor Insurers' Bureau, chombo kinachogharimiwa na makampuni ya bima kwa ajili ya watu waliogongwa na madereva wasio na bima au waliotoroka. Kwa mtu mzima, muda wa kufungua dai la majeraha mahakamani kwa kawaida ni miaka mitatu. Kwa mtoto, miaka hiyo huanza kuhesabiwa anapotimiza miaka 18. Zungumza na wakili mapema, na umuulize kabla ya kusaini atakata asilimia ngapi mkishinda.

Na kama skuta yenyewe imeegeshwa kwenye korido yako, zawadi ya Krismasi uliyomnunulia mwanao, fahamu kwamba kijana asiye na leseni bado naye anaweza kuandikiwa pointi, nazo humsubiri mpaka siku atakapoiomba. Mimi ya kwangu niliiuza kwa rafiki mwenye ua mkubwa huko Essex, baada ya mama mkwe kuiona nyuma ya mlango na kuniuliza kwa upole kama hiyo nayo nimeshaiandikia barua.