Umekuta mabaki ya ndege ya vita? Weka sepetu chini kwanza

Mtu akiambiwa kuna ndege ya Vita vya Pili vya Dunia imezama kwenye shamba au kinamasi, anachotaka ni kuchimba, leo leo. Namwelewa kabisa. Ila kama ndani kuna rubani ambaye hajawahi kuzikwa, kuchimba ndo kitu cha mwisho mwisho, manake shimo linachimbwa mara moja tu, ukishavuruga udongo hutakaa ujue ule mfupa ulikuwa upande gani wa kiti wala ile saa ilikuwa karibu na nani. Kwa hiyo naanza na kitu kinachochosha, karatasi, halafu ruhusa, sepetu tutafika.

Na kazi bado ipo. Wamarekani peke yao wana zaidi ya watu 70,000 wa vita ile ambao hawajapatikana. Kule Runnymede, Uingereza, kuna ukumbusho wenye majina zaidi ya 20,000 ya watu wa jeshi la anga wasio na kaburi linalojulikana. Wengi wako baharini na huko watabaki, lakini wengine wako mita chache tu chini ya malisho ya ng'ombe.

Haya, karatasi. Swali lako ni moja: siku ile, eneo lile, ndege zipi zilianguka, na kati ya hizo zipi bado zina watu hawajaonekana? Kwa ndege za jeshi la Marekani kuanzia 1943 tafuta MACR, yaani ripoti ya watu wa ndege waliopotea. Hiyo ni dhahabu tupu: ina majina ya wote waliokuwemo, ndege ilionekana wapi mara ya mwisho, hali ya hewa, na mara nyingi serial namba za injini mpaka za bunduki (zikariri hizo, tutazirudia). Kuna na faili la marehemu mmojammoja, IDPF, humo unakuta rekodi za meno, urefu, na barua za wazazi wakiuliza mtoto wao yuko wapi, jiandae kidogo kabla ya kuzisoma. Kwa Waingereza nenda The National Archives pale Kew, kumbukumbu za kila skwadroni ziko kwenye kundi la mafaili linaloitwa AIR 27 na mafaili ya waliokufa na waliopotea yako AIR 81. Kwa Wajerumani, rekodi za iliyokuwa WASt, ofisi ya kumbukumbu za askari kule Berlin, ziliingizwa Bundesarchiv, hifadhi ya nyaraka ya taifa, 2019, na wanaoshughulikia makaburi ya askari wao ni Volksbund.

Hapa kuna kosa wanafanya hata wazoefu: wanasoma karatasi za siku ya ajali halafu basi. Soma na za baada ya vita! RAF, jeshi la anga la Uingereza, walikuwa na kitengo chao cha kutafuta waliopotea, MRES, Wamarekani wakawa na AGRS, jamaa hawa walizunguka kijiji kwa kijiji wakiuliza watu na kufukua makaburi. Inawezekana kabisa rubani wako alishatolewa zamani akazikwa kama "asiyejulikana" kwenye makaburi ya mji wa jirani, na hapo huhitaji shimo lolote, unahitaji kuweka karatasi mbili pamoja zisomane.

Wazee wa eneo nao waulize, ila ujue jinsi ya kuwasikiliza. Mzee aliyeona ndege ikianguka akiwa na miaka nane atakuonyesha mahali kwa kidole bila kukosea, lakini tarehe atakupa ya mwaka mwingine, na aina ya ndege ndo usiseme, kila ndege ya Mwingereza ilikuwa Spitfire, ile ndege yao maarufu ya kivita. Usimuulize "ilikuwa Spitfire?", manake atakujibu ndiyo kwa adabu tu. Muulize ilitokea upande gani, ilikuwa inawaka, kuna mtu aliruka na parashuti, nani alifika wa kwanza, walibeba nini. Hilo la parashuti usilisahau kwa sababu ndege kuwepo haimaanishi mtu yupo. Ile ndege ya mabomu ya Marekani, B-24 inayoitwa Lady Be Good, ilipotea 4 Aprili 1943 ikirudi kutoka Italia, ikapitiliza kituo chake usiku mpaka katikati ya jangwa la Libya, na ilipoonekana 1958 haikuwa na maiti hata mmoja ndani. Watu wote tisa walikuwa wameruka kisha walionusurika wakatembea kuelekea kaskazini. Wanane wakapatikana 1960, wengine zaidi ya kilomita 100 kutoka kwenye ndege. Mtu angechimba chini ya yale mabawa mpaka leo.

Sasa ruhusa, na hapa sina utani. Uingereza kuna sheria ya 1986 inayolinda mabaki ya kijeshi, ndege ya jeshi lolote iliyoanguka pale inalindwa automatiki, ya Mjerumani pia, na ukiichimba bila leseni ya wizara ya ulinzi umefanya kosa la jinai. Leseni inatolewa na kitengo kinaitwa JCCC, na kwa kawaida hawaitoi kama inaonekana bado kuna miili ya watu au mabomu ndani. Watu wanalalamika sana, wanasema serikali inazuia familia kupata majibu, na kwenye kesi moja moja wana hoja, ila ukiona vitu vilivyookotwa na kuuzwa mnadani utaelewa sheria ilitoka wapi. Uholanzi wao wamechukua njia nyingine, serikali yenyewe ina mpango wa kutoa zile ndege zenye uwezekano mkubwa wa kuwa na watu ndani. Kwa ndege za Marekani wanaohusika ni DPAA, shirika la serikali yao linalotafuta askari waliopotea, wanafanya kazi na vyuo na vikundi vya kujitolea, kwa hiyo ukiwa na taarifa nzuri wapelekee. Na popote ulipo, mwenye shamba akubali kwa maandishi. Maneno ya kwenye chai hayatoshi siku eskaveta ikifika.

Kutafuta penyewe. Kitambua metali cha kawaida kinakuonyesha vipande vya juu juu, na hivyo ndo vinakupa picha: weka kibendera kila unapopata alama, usitoe kitu, piga GPS, baadaye ukichora ramani unaona zile alama zimetawanyika na kupanuka kuelekea upande mmoja au zimejikusanya sehemu moja. Zikitawanyika hivyo maana yake ilikuja chini chini ikachanika njiani. Zikijikusanya, ilishuka wima, na hapo injini iko chini sana, na cha kusikitisha rubani yuko nyuma yake palepale. Kwa vitu vya chini unahitaji magnetomita, lakini kumbuka alumini haishiki, kinachosoma ni chuma, yaani sehemu za injini, bunduki, lile bamba la kinga nyuma ya kiti. Msituni inasaidia lidar, yaani kupima ardhi kwa miale ya leza, majini ni sonar, yaani kupima kwa mwangwi wa sauti. B-24 moja ya Hansa Bay, Papua New Guinea, iliyoanguka 11 Machi 1944 na watu 11, ndugu wa mmoja wao walikusanya kumbukumbu kwa miaka ndo Project Recover, kikundi cha kutafuta waliopotea, wakaikuta 2017, mita 60 na kitu chini ya maji. Wapiga mbizi wa jeshi la wanamaji wakashuka 2023, na wanne kati ya wale 11 wakatambuliwa kwa majina.

Hatari zake pia sio za sinema. Risasi, hata za mizinga midogo, bado ni hai, bomu ndo usiliguse kabisa, pigia wategua mabomu na sogeza watu. Wengi hawajui kuhusu zile saa za kwenye dashibodi: rangi yake ya kung'aa ilikuwa na radiamu, mwanga umeshakufa ila mionzi ipo vilevile, manake radiamu inahitaji miaka kama 1,600 ipungue nusu. Usiipanguse, usiiweke mfukoni, na kwenye kabati la sebuleni ndo kabisa. Halafu shimo lenyewe, udongo wa mfinyanzi wenye maji unaporomoka bila kukuaga.

Mkishapata kila kibali, mchimbe na mwanaakiolojia, sio na fundi wa eskaveta peke yake. Eneo linagawanywa kwa kamba kuwa viraba, udongo unatolewa tabaka kwa tabaka, na kila ndoo inakwenda kwenye chekeche ikisafishwa kwa maji na kujulikana imetoka kiraba gani. Sisitizeni chekeche jamani, kwenye ajali ya kasi kubwa hupati mifupa mizima, unapata vipande vya ukubwa wa kucha ya kidole na jino moja, na jino hilo moja ndo kesi nzima. Ukifika karibu utajua kwa pua kabla ya macho, mfinyanzi unageuka rangi ya bluu-kijivu na harufu ya mafuta ya ndege inapanda kama imemwagika jana. Mfupa ukionekana, simamisha kila kitu, polisi na wahusika wa jeshi waitwe kwanza. Nguo, ngozi, karatasi na hariri ya parashuti vikitoka vimelowa vibaki vimelowa, vifunge na maji yake uvipeleke kwa mtaalamu, ukivianika juani vitakunjika na kupasuka na maandishi yote yatakwenda.

Turudi kwenye namba. Kuna namba za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku. Namba ya spea inakuambia aina ya ndege tu: kipande kikianza na 300 fikiria Spitfire, 109 fikiria P-51D, 32 fikiria B-24. Hiyo haikupi rubani. Inayokupa rubani ni serial ya ndege yenyewe, au ya injini, au ya bunduki, ndo maana nikasema MACR ni dhahabu. Na hata hapo usikimbilie kushangilia kwa namba moja, injini zilikuwa zinabadilishwa na spea zinahamishwa ndege hadi ndege, tafuta ushahidi wa pili usiotegemea ule wa kwanza. Stirling, ndege ya mabomu ya Waingereza, iliyotolewa ziwa Markermeer, Uholanzi, 2020, mwanzo ilidhaniwa ni ile yenye serial BK710, mpaka kasha la sigara lenye herufi JMC lilipowarudisha kwenye orodha ya majina, wakamkuta John Michael Campbell, mpiga bunduki wa BK716. Watu saba walikuwemo kwenye ile BK716, yaani lile kosa la mwanzo lingebaki, familia saba zingeendelea kusubiri na nyingine zingepewa habari isiyo yao.

Kinyume chake pia kipo. Bangili ya Antoine de Saint-Exupéry, mwandishi na rubani Mfaransa, iliingia kwenye nyavu za mvuvi karibu na Marseille 1998, ina jina lake kabisa, na bado watu walibishana mpaka vipande vya ndege yake, P-38, vilipotolewa baharini 2003 na kukutwa namba ya kiwandani, 2734. Ndege ikathibitishwa. Yeye mwenyewe hakupatikana. Kitu chenye jina ni dalili tu, watu walikuwa wanaazimana makoti, na pete inaweza kuwa kwenye mfuko wa rafiki. Hata vibati vya utambulisho vya shingoni vina mambo yake: vya Waingereza vilikuwa vya nyuzi zilizoshinikizwa, ardhini vinaoza, na cha Mjerumani hakina jina, kina namba na kikosi, bila zile rekodi za Berlin hukisomi.

Mtu mwenyewe anatambuliwa maabara. Meno kwanza, mifupa inapimwa umri na kimo, na kwa waliofia Korea wataalamu wa DPAA hulinganisha mpaka mtulinga na eksirei ya kifua aliyopigwa askari alipokuwa anaandikishwa. Kisha DNA. Mfupa wa zamani mara nyingi unatoa DNA ya upande wa mama, hiyo anairithisha mama peke yake, kwa hiyo watoto wa rubani mwenyewe hawasaidii kwa kipimo hiki hata kama wako hai na wana hamu. Anayefaa ni mpwa wake, mtoto wa dada yake tumbo moja, au mjomba, au mtoto wa mama mdogo. Ukitaka ya upande wa baba ndo unatafuta mtoto wa kiume wa kaka yake au wa baba mdogo. Kuchora ukoo wa mtu aliyekufa bila mke miaka 80 iliyopita inachukua muda kuliko shimo zima.

Familia usiipigie wewe. Hata kama umeshapata jina na una uhakika, na hata kama mjukuu umemwona mtandaoni, waache wanaohusika wawaambie baada ya maabara kumaliza, kwa sababu ukikosea huwezi kumrudisha mtu msibani halafu ukamwambia samahani haikuwa yeye. Picha za mifupa usirushe popote, hata ya kidole.

Maabara zinachelewa, miezi, wakati mwingine miaka. Jibu likija zuri kuna mazishi ya kijeshi, na kwenye kuta za Wamarekani zenye majina ya waliopotea wanagongelea ua dogo la shaba pembeni ya jina. Jibu likija "haijatosha", usitupe kitu: ramani yako ya viraba, orodha ya namba, majina ya wazee na walichosema, vyote vibaki na nakala kwa wahusika, manake sampuli inakaa maabara na inawezekana bado kuna mpwa mmoja hajaombwa mate.