Usitume strakti kama ilivyo, panga baiti mwenyewe

Nina Arduino Uno inasoma joto la inkubeta ya mayai, inarusha kwa UART (waya wa kutuma baiti moja baada ya nyingine) kwenda chipu nyingine, ESP32. Nilivyoanza nilifanya kile wengi tunafanya, nikachukua strakti nzima (namba kadhaa zilizofungwa pamoja kwenye C) nikaituma na Serial.write, upande wa pili nikaipokea kwa memcpy, inayonakili baiti kama zilivyo, na joto likawa linasoma namba za ajabu wakati mayai yanataka nyuzi 37.5 muda wote.

Strakti yenyewe hii:

```
typedef struct {
  uint8_t id;
  int16_t joto;
  uint32_t muda;
} Kipimo;
```

Ukijumlisha unapata baiti 7, na kwenye Uno sizeof ni 7 kweli. Kwenye ESP32 ni 8, kwa sababu kompaila imechomeka baiti tupu baada ya id ili joto likae kwenye anwani inayogawanyika kwa 2. Yaani mmoja anatuma 7 mwingine anasubiri 8, basi anakula baiti ya kwanza ya pakiti inayofuata na kuanzia hapo kila kitu kimehama.

Watu watakwambia weka packed, yaani umwambie kompaila asichomeke baiti tupu, yaishe. Nafasi inaondoka sawa, ila mpangilio wa baiti (ipi inatangulia) unabaki wa chipu husika, na ukichukua pointa ya joto humo ndani ukaisoma kwenye chipu ya Cortex-M0 unaweza kupigwa HardFault, yaani programu inakwama kwa kosa. Mimi siitumii kwa data ya kwenye waya.

Fanya hivi, baiti moja moja, yenye thamani kubwa itangulie:

```
size_t fungasha(uint8_t *b, const Kipimo *k) {
  uint16_t j = (uint16_t)k->joto;
  b[0] = k->id;
  b[1] = (uint8_t)(j >> 8);
  b[2] = (uint8_t)j;
  b[3] = (uint8_t)(k->muda >> 24);
  b[4] = (uint8_t)(k->muda >> 16);
  b[5] = (uint8_t)(k->muda >> 8);
  b[6] = (uint8_t)k->muda;
  return 7;
}
```

Joto usilitume kama float (namba ya desimali), lizidishe kwa 100, 37.50 inakuwa 3750 na mpokeaji anagawanya mwenyewe.

Kufungua ndio kuna mtego, kasti kwanza (igeuze baiti iwe namba ya biti 32) halafu ndio usukume biti kushoto:

```
k->muda = ((uint32_t)b[3] << 24) |
          ((uint32_t)b[4] << 16) |
          ((uint32_t)b[5] << 8) | b[6];
```

Bila hiyo kasti, kwenye Uno int ni ya biti 16 tu, ukiisukuma biti 24 C haikuahidi chochote, na kompyuta yako itakudanganya kwamba kodi iko poa kwa sababu int ya kwake ni 32.

Kabla hujaunga waya printi bafa kwa heksa. id 3, joto 3750, muda 90000 lazima zitoe 03 0E A6 00 01 5F 90, zikitoka tofauti usiendelee.

Mwisho ongeza baiti ya kuanzia, mfano 0xAA, na CRC-16 nyuma (namba ya biti 16 ya kukagua kama data imeharibika), maana 0xAA inaweza kutokea katikati ya data pia kwa hiyo peke yake haitoshi. Ukitumia CRC-16 ya Modbus (itifaki ya mitambo ya viwandani) unaanza na 0xFFFF na polinomia ni 0xA001, ukiipa maandishi 123456789 ikarudisha 0x4B37 ujue umeiandika sawa.